Umebadilisha rimu za gari? Hivi ndivyo utakavyopata upepo sahihi wa matairi, hatua kwa hatua

Ukibadilisha rimu, upepo uliokuwa ukijaza zamani huenda haufai tena. Wenye magari wengi hapa Arusha na Moshi hawaambiwi hivyo siku wanaponunua rimu. Wanafungiwa rimu za inchi 17 au 18 na matairi mapya yenye ubavu mfupi, kisha fundi anauliza, "Bosi, niweke ngapi?"

Majibu ni yale yale. Mmoja atasema, "Weka 35 zote." Mwingine, "Jaza kama zamani." Wa tatu atainama asome ubavu wa tairi, akute 51 psi (psi ni kipimo cha upepo), aseme ijazwe hiyo hiyo. Yote matatu yanaweza kuwa makosa, na hasara yake iko wazi ukipita kwenye gereji yoyote ya matairi: rimu zilizopinda, tairi lililotoa uvimbe ubavuni, tairi lililolika katikati huku pembeni likiwa bado zima.

Shika jambo moja tu kabla hatujaanza. Anayebeba gari ni upepo. Kazi ya mpira ni kuufunga usitoke. Kwa hiyo stika ya mlangoni, pamoja na kukutajia upepo, inakuambia pia mzigo ambao kila tairi linatakiwa kubeba. Tunachotafuta ni upepo utakaoliwezesha tairi jipya kubeba mzigo ule ule.

Mwongozo huu ni wa magari madogo na yale ya familia ya kimo cha juu kidogo, yenye matairi ya kawaida ya abiria. Kama tairi lako lina herufi LT, au herufi C mwishoni mwa saizi, kama yalivyo mengi ya Hiace na pikapu, usitumie hesabu hii. Matairi hayo yana viwango vyake na upepo wake ni mkubwa zaidi.

## Vitu utakavyohitaji

- Geji yako mwenyewe ya kupimia upepo. Hii usiiruke. Geji za kompresa nyingi za mitaani zimeanguka chini mara nyingi, na mbili zilizo jirani zinaweza kukupa majibu tofauti kwa tairi moja. Ukiwa na yako, hata ikikosea kidogo, itakosea kwa kiasi kile kile kila siku.
- Pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye soketi ya gari. Kama huna, tafuta sheli au fundi pancha aliye karibu sana na nyumbani.
- Simu yenye kikokotoo, karatasi na kalamu.
- Tochi, kwa kusoma maandishi ya upande wa ndani wa rimu.
- Chaki.
- Maji ya sabuni na brashi ndogo.

## Hatua ya 1: Soma stika ya gari

Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo ya mlango. Magari mengine stika yake iko upande wa ndani wa kifuniko cha tangi la mafuta. Kwa magari yaliyotoka Japani, maandishi ni ya Kijapani lakini saizi na tarakimu zinasomeka bila shida.

Andika mambo matatu: saizi ya tairi, namba ya uzito inayofuata baada ya saizi, na upepo wa mbele na wa nyuma. Mfano: 195/65R15 91S, 220 kPa. Hapo 195 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, 91 ndiyo namba ya uzito, na S ni herufi ya mwendo.

Stika za Japani hutaja upepo kwa kPa au kwa kilo kwa sentimita ya mraba, na geji zetu nyingi zinasoma psi. Badilisha hivi: kPa gawanya kwa 6.9, kilo zidisha kwa 14.2, bar zidisha kwa 14.5. Kwa hiyo 220 kPa ni kama psi 32, na 240 kPa ni kama psi 35.

Angalizo: kama stika inataja saizi zaidi ya moja, chukua mstari unaolingana na matairi ambayo gari lilitoka nayo kiwandani. Kama stika imebanduka au imefunikwa na rangi, tazama kitabu cha gari, au tafuta gari la aina ile ile, injini ile ile na toleo lile lile. Usikisie.

Umefanikiwa ukiwa na: saizi, namba ya uzito na upepo wa zamani, vyote kwenye karatasi.

## Hatua ya 2: Soma tairi jipya, lote

Zunguka tairi polepole usome ubavu wake. Andika saizi na namba ya uzito, kisha tafuta kitu ambacho karibu kila mtu anakiruka: herufi XL, au maneno EXTRA LOAD, au REINFORCED. Tairi lenye alama hiyo limeimarishwa ili lihimili upepo mwingi zaidi. Lisilo nayo ni tairi la kawaida.

Ukikutana na maneno MAX PRESS 51 PSI au MAX PRESS 350 kPa, jua kuwa hiyo ni dari, upepo ambao tairi halitakiwi kuuvuka likiwa baridi. Aliyelitengeneza tairi hajui gari lako, kwa hiyo hawezi kuwa amekuandikia upepo wake. Ukilijaza gari jepesi upepo huo, tairi linakuwa gumu, linagusa lami kwa kipande chembamba cha katikati, na breki zako zinapungua nguvu hasa mvua za masika zikiwa zimelowesha barabara.

Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Rimu za mtumba mara nyingi huja na matairi yake, yanang'aa na yana kashata (mikato ya uso wa tairi) nzuri, kumbe ni ya zamani sana na mpira umeanza kupasuka nyufa ndogo ubavuni. Tairi la namna hiyo halina upepo sahihi. Liondoe.

## Hatua ya 3: Kagua rimu yenyewe

Hapa tutapita haraka, lakini usiruke, kwa sababu rimu isiyofaa hairekebishiki kwa upepo.

Geuza rimu, mulika tochi upande wa ndani. Rimu nyingi zimechapwa uzito zinaoweza kubeba, kwa mfano MAX LOAD 690 KG. Namba hiyo lazima iwe kubwa kuliko mzigo utakaoupata kwenye hatua ya 4. Rimu zilizotengenezwa kwa kiwango cha Japani zina alama ya JWL, na nyingine zina VIA pia.

Angalia upana wa rimu. Tairi la 215/45R17 linatakiwa kukaa kwenye rimu yenye upana wa inchi 7 hadi 8. Wapo wanaovalisha tairi jembamba kwenye rimu pana ili ubavu uinamie nje, kwa ajili ya mwonekano. Tairi lililovutwa hivyo halimo tena kwenye viwango ambavyo hesabu hii inavitegemea, na shimo moja la barabarani linaweza kulitoa kwenye rimu.

Mwisho, pima kimo cha tairi zima. Upana zidisha kwa asilimia ya ubavu, zidisha kwa mbili, jumlisha na kipenyo cha rimu (inchi zidisha kwa 25.4). Tairi la 195/65R15 linatoa milimita 634, na la 215/45R17 linatoa milimita 625. Tofauti ni chini ya asilimia 2. Ikizidi asilimia 3, saizi hiyo siyo ya gari lako.

## Hatua ya 4: Piga hesabu

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa hiyo twende taratibu.

Kila namba ya uzito ina kilo zake. Hizi ndizo utakazokutana nazo zaidi kwenye magari yetu:

- 82 ni kilo 475
- 84 ni kilo 500
- 87 ni kilo 545
- 88 ni kilo 560
- 91 ni kilo 615
- 94 ni kilo 670
- 95 ni kilo 690
- 98 ni kilo 750
- 100 ni kilo 800
- 102 ni kilo 850
- 105 ni kilo 925

Kilo hizo tairi halizibebi kwa upepo wowote. Kwa kiwango cha Ulaya, ambacho ndicho nakitumia hapa, tairi la kawaida hubeba kilo zake zote likiwa na 250 kPa. Tairi la XL linataka 290 kPa ndipo libebe kilo zake zote. Upepo ukipungua, na uwezo unapungua.

Tairi la kawaida:

- 200 kPa: asilimia 84
- 210 kPa: asilimia 87
- 220 kPa: asilimia 90
- 230 kPa: asilimia 93
- 240 kPa: asilimia 97
- 250 kPa: asilimia 100

Tairi la XL:

- 220 kPa: asilimia 80
- 230 kPa: asilimia 83
- 240 kPa: asilimia 86
- 250 kPa: asilimia 89
- 260 kPa: asilimia 92
- 270 kPa: asilimia 94
- 280 kPa: asilimia 97
- 290 kPa: asilimia 100

Sasa tuchukue mfano. Stika inasema 195/65R15 91, tairi la kawaida, 220 kPa. Kilo 615 zidisha kwa 0.90, unapata kilo 554. Huo ndio mzigo ambao kiwanda kilitaka kila tairi liweze kuubeba.

Umenunua 215/45R17 91 XL. Namba ya uzito ni ile ile 91, na mtu anaona hakuna kilichobadilika. Kumbe kimebadilika. Gawanya 554 kwa 615, unapata asilimia 90. Kwenye orodha ya XL, asilimia 90 iko kati ya 250 na 260 kPa. Chukua ya juu: 260 kPa, yaani kama psi 38.

Tazama umbali huo: 32 imekuwa 38. Aliyejaza "kama zamani" anatembea na tairi linalobeba asilimia 80 tu ya kilo 615, yaani kilo 492, mahali panapotakiwa 554. Kwa macho huwezi kuliona, kwa sababu ubavu mfupi wa XL ni mgumu na haubonyei hata upepo ukipungua sana. Tairi la zamani lenye ubavu mrefu lilikuwa likikuonyesha kwa kubonyea. Hili jipya halikuonyeshi kitu. Linajikunja ndani kwa ndani, linapata joto, na siku moja ya jua kali kwenye lami ya kuelekea Same linapasuka.

Saizi hiyo hiyo ya 215/45R17 huuzwa pia ikiwa na namba 87 bila XL. Kilo zake zote ni 545, na gari linataka 554. Hata ulijaze vipi halitoshi. Usilinunue, na kama umeshafungiwa, rudi ukabadilishe. Yote mawili yanakaa kwenye rimu moja na kwa macho yanafanana, na la 87 mara nyingi ndilo la bei nafuu. Hapo ndipo wengi wanaponasa.

Mfano wa pili, gari la kimo cha juu. Stika: 225/65R17 102, 220 kPa. Kilo 850 zidisha kwa 0.90 ni 765. Umeweka 235/55R18 100, tairi la kawaida. Gawanya 765 kwa 800, ni karibu asilimia 96. Kwenye orodha ya tairi la kawaida inaangukia kati ya 230 na 240. Chukua 240 kPa, psi 35. Gari hili lingejazwa "35 zote" lingekuwa sawa, na ndiyo maana jibu hilo linaendelea kuishi: linampata mmoja na kumkosa mwingine.

Fanya hesabu ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake kama stika inatofautisha.

Angalizo: hesabu ikikupa upepo mdogo kuliko ulioandikwa kwenye stika, usishuke. Baki na wa stika. Kiwanda hakikuangalia uzito peke yake. Kiliangalia pia namna gari linavyokata kona na kushika breki.

Umefanikiwa ukiwa na: namba mbili, ya mbele na ya nyuma, zilizo chini ya ile dari ya ubavuni.

## Hatua ya 5: Jaza tairi likiwa baridi

Tairi baridi maana yake gari limesimama saa tatu au zaidi, au limetembea polepole kilomita mbili tu hivi. Wakati mzuri ni asubuhi kabla jua halijapiga. Tairi lililo upande wa jua linaweza kusoma juu kuliko mwenzake hata kama gari halijasogea.

Joto likipanda au kushuka nyuzi 5 au 6, upepo unabadilika kama psi 1. Asubuhi ya Julai pale Sakina au Njiro siyo sawa na saa nane mchana wa Februari kule Pasua. Ukijaza mchana wa joto kisha kipupwe kikaingia, psi 2 au 3 zinakuwa zimepungua bila pancha yoyote. Pima upya kila majira yanapobadilika.

Kama lazima uende kwa fundi, pima nyumbani kwanza kwa geji yako uandike kila tairi limepungukiwa kiasi gani. Ukifika umwambie: "Fundi, naomba uongeze sita kwenye kila tairi, kisha nitapima kwa geji yangu." Anaongeza idadi ile ile hata kama tairi limepata joto njiani, na geji yake ikiwa na hitilafu haikuumizi sana. Akikuambia, "Kaka, 38 ni nyingi, hizi tunaweka 32," mwonyeshe alama ya XL kwenye tairi na karatasi yako ya hesabu. Fundi mzuri ataelewa mara moja, na mteja wake wa kesho atafaidika pia.

Usipunguze upepo wa tairi la moto. Umetoka Moshi, umefika Arusha, geji inasoma 42 mahali ulipojaza 38. Hiyo ni kawaida. Ukipunguza hadi 38, kesho asubuhi utaamka na 34.

## Na mwinuko je?

Swali hili huja sana kutoka kwa wanaoleta magari kutoka Dar es Salaam, na lina msingi.

Geji hupima tofauti kati ya hewa ya ndani ya tairi na hewa ya nje. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya nje ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kPa 15 hivi. Tairi lililojazwa Dar es Salaam, likipimwa Arusha katika joto lile lile, litasoma psi 2 zaidi bila mtu kuliongeza kitu. Lakini Arusha ni baridi kuliko Dar es Salaam, na baridi hiyo inarudisha chini sehemu kubwa ya zile psi 2. Ndiyo maana wengi hawaoni tofauti kabisa.

Kati ya Arusha na Moshi mwinuko unapungua kama mita 500. Hiyo haifiki hata psi 1. Usijisumbue nayo.

Kanuni ni nyepesi: upepo uliopiga hesabu ndio huo huo popote ulipo, upimwe asubuhi, hapo ulipolala. Ukishuka pwani kwa wiki moja, pima kule. Ukirudi, pima huku.

## Hatua ya 6: Tafuta upepo unaovuja

Rimu zisizo za kiwandani zina mahali pake pa kuvujia. Paka maji ya sabuni kwenye valvu, kwenye mzunguko ambapo tairi linakutana na rimu, mbele na nyuma, na kwenye mikono ya rimu kama iliwahi kuchomelewa. Subiri dakika moja. Mapovu madogo yanayokua polepole ndiyo unayoyatafuta.

Valvu ya zamani kwenye rimu ya mtumba ibadilishwe bila kujadiliana. Ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na tairi. Weka na vifuniko vyake, kwa sababu vumbi la njia za huku, la Kisongo hasa, linaingia kwenye valvu na kuizuia isifunge vizuri.

Umefanikiwa ikiwa: baada ya wiki moja, asubuhi, kila tairi linasoma vile vile. Kupoteza kama psi 1 kwa mwezi ni kawaida. Kupoteza psi 1 kwa siku ni pancha, au rimu yenye ufa.

## Hatua ya 7: Jaribio la chaki

Hesabu imekupa mahali pa kuanzia. Chaki inakuambia tairi linagusa barabara vipi.

Chora mstari mnene wa chaki kukatisha uso wa tairi kutoka bega moja hadi la pili, kwenye matairi yote manne. Endesha mita mia mbili hivi kwenye lami kavu iliyonyooka, bila kukata kona wala kufunga breki kwa nguvu. Shuka utazame.

Chaki ikifutika sawasawa, uko vizuri. Ikifutika katikati tu huku mabega yakiwa meupe, upepo umezidi kidogo. Punguza psi 1 urudie, lakini usishuke chini ya namba ya hesabu. Ikifutika mabegani na kubaki katikati, ongeza psi 1 au 2. Ikifutika upande mmoja, tatizo siyo upepo. Nenda ukafanyiwe alaimenti, maana rimu zilizotokeza nje hubadilisha jinsi gurudumu linavyokaa.

Rudia kwa macho kila baada ya miezi miwili au mitatu, safari hii ukitazama namna kashata zinavyolika.

## Hatua ya 8: Jaribio la safari

Pima asubuhi, kisha toka Arusha hadi Usa River na kurudi, kwa mwendo wako wa kawaida. Nimesema kurudi kwa makusudi: ukipima pale pale ulipoanzia, mwinuko hauingilii majibu. Ukifika, pima mara moja kabla tairi halijapoa.

Upepo ukipanda psi 3 hadi 5, umepatia. Ukipanda zaidi ya 6, tairi linajikunja kupita kiasi: ama upepo wa kuanzia ni mdogo, ama mzigo ni mkubwa. Ikiwa ni gurudumu moja tu lililopanda, sogeza mkono karibu na rimu bila kuigusa. Ikiwa na moto kuliko wenzake, breki yake inakwama.

## Gari likijaa, na njia ikiwa mbaya

Desemba, magari yanapopanda Kilimanjaro yakiwa na watu watano, mabegi mpaka kwenye kioo cha nyuma na mfuko wa mchele, upepo wa siku za kawaida hautoshi. Kama stika yako ina safu mbili, ya mzigo mdogo na ya mzigo kamili, rudia hesabu kwa safu ya pili. Kama ina moja tu, ongeza 20 hadi 30 kPa nyuma, yaani psi 3 au 4. Kumbuka kuwa tairi la kawaida likishavuka 250, au XL likishavuka 290, halibebi kilo zaidi ya zile za namba yake. Ukifika hapo, kinachobaki ni kupunguza mizigo.

Kuhusu njia za mawe na vumbi, kama zile za kupanda vijijini Kibosho au za ndani kutoka Ngaramtoni, utasikia ushauri wa kupunguza upepo ili gari lilainike. Kwa Land Cruiser yenye tairi la ubavu mrefu ushauri huo una maana yake. Kwa tairi la ubavu mfupi, usifanye. Ubavu wake hauna nafasi ya kubonyea. Ukipunguza, jiwe linaubana mpira dhidi ya ukingo wa rimu, nyuzi za ndani zinakatika, na kesho yake unaona uvimbe ubavuni. Uvimbe huo hauzibwi wala hauchomwi; tairi linatupwa. Acha upepo ulivyo, punguza mwendo. Na matuta ya barabara kuu yapande taratibu, magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja.

## Mambo mawili ya mwisho

Taa ya upepo kwenye dashibodi, kama gari lako inayo, inaweza kuwaka baada ya kubadilisha rimu. Magari mengine yana kipimo ndani ya rimu za zamani, na kipimo hicho kimebaki stoo pamoja nazo. Mwambie fundi akihamishe. Mengine hupima kwa mzunguko wa magurudumu. Hayo yanataka uibonyeze ile swichi ya kuanzisha upya baada ya kujaza upepo mpya, la sivyo yataendelea kulinganisha na wa zamani.

Na tairi la akiba. Kama bado ni la kiwandani, lina upepo wake wa stika, usilijaze kwa hesabu mpya. Likiwa lile dogo jembamba la muda, linataka 420 kPa, yaani psi 60, na mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Lipime kila mwezi pamoja na mengine, na uandike namba zote tatu, mbele, nyuma na la akiba, kwenye kipande cha plasta ukibandike juu ya stika ya zamani, ili hata ndugu uliyemwazima gari ajue la kumwambia fundi.